Tai Iliyotupwa Chini: Kwa Nini Out of Sight Haijapewa Haki Yake

Mwanamume anatoka kwenye jengo refu la ofisi jijini Miami, amefura kwa hasira. Anaing'oa tai shingoni, anaitupa chini kwa nguvu, na hapohapo picha inaganda. Hatuambiwi kaudhiwa na nani. Picha inaendelea: anavuka barabara, anaingia benki iliyo upande wa pili na kuiibia bila silaha yoyote. Anamwonyesha keshia bwana mmoja aliyekaa kwa meneja na mkoba wake, kisha anamweleza kwa upole kwamba yule ni mwenzake, mkobani mna bastola, na noti zisipotoka meneja atapigwa risasi. Yule bwana ni mteja tu, kaja na shida zake. Mwizi anamsifu keshia kwa utulivu wake, anachukua fedha, anatoka, anaingia kwenye gari, anapiga stata. Gari haliwaki.

Kwa dakika hizo chache umeshamjua Jack Foley. Ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, hapendi kuumiza mtu, na bahati imemkimbia siku nyingi. Usichokijua ni ile tai, na filamu inakuacha na swali hilo kwa muda mrefu kwa makusudi.

Out of Sight ilitoka Juni 1998. Mwongozaji ni Steven Soderbergh, mwandishi wa mswada ni Scott Frank, na hadithi inatokana na riwaya ya mwaka 1996 ya Elmore Leonard, mwandishi wa hadithi za uhalifu. George Clooney ni Foley, na Jennifer Lopez ni Karen Sisco, marshali wa serikali ya shirikisho ya Marekani. Ukiwauliza watu wapenda sinema kuhusu Clooney na Soderbergh, tisa kati ya kumi watakutajia Ocean's Eleven ya 2001, ile ya suti na kasino. Hii ya kwanza, ambayo bila yake ile nyingine isingezaliwa, wengi huikumbuka kama jina tu. Wahakiki waliipenda tangu siku ya kwanza, hilo halina ubishi. Chama cha kitaifa cha wahakiki wa filamu Marekani kiliichagua kuwa filamu bora ya 1998, na kikampa Soderbergh tuzo ya uongozaji na Frank ya mswada. Watazamaji ndio hawakutokea. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 48, na tiketi zilizouzwa Marekani zilifika kama dola milioni 37 na nusu.

Sababu hazihitaji mganga. Filamu ya watu wazima wanaozungumza kwa sauti ya chini iliwekwa sokoni katikati ya msimu wa kelele. Wikiendi yake ya kwanza iligongana na vichekesho vya Eddie Murphy vya Dr. Dolittle, na siku chache baadaye ikaja Armageddon na vimondo vyake. Clooney naye alikuwa ametoka kwenye Batman & Robin ya 1997, filamu iliyochekwa hadi ikamchafulia jina, na watu wengi walimwona bado ni daktari wa kwenye televisheni. Soderbergh alishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 1989, lakini filamu zake zilizofuata hazikuuza. Lopez alikuwa amecheza filamu ya Selena mwaka mmoja nyuma, na albamu yake ya kwanza ya muziki ilikuwa bado mwaka mmoja mbele. Kwa macho ya wauzaji, walikuwa watu watatu ambao hakuna aliyekuwa na uhakika nao.

Kuna na tatizo la kuitangaza. Ukiiuza kama filamu ya ujambazi, anayekuja kutafuta milio ya risasi atalalamika kwamba watu wanaongea mno. Ukiiuza kama ya mapenzi, anayekuja na mwenza wake atakutana na nyumba iliyovamiwa na watu wakauawa. Trela haiwezi kueleza kwamba vitu hivyo viwili hapa ni kimoja. Kinachoviunganisha ni muda. Foley anarudishwa jela akikabiliwa na miaka 30. Anatoroka, na kuanzia hapo kila saa anayoishi nje ni ya kuazima. Karen ana kazi moja, kumrudisha ndani. Marshali wa shirikisho hulinda mahakama, husafirisha wafungwa na husaka watoro. Kwa hiyo mwanamke huyu si askari yeyote aliyejikuta njiani, ni mtu ambaye ofisi yake iko kwa ajili ya watu kama Foley. Mapenzi yao hayana kesho, na wote wawili wanajua hesabu hiyo kuliko mtazamaji. Picha kuganda, hadithi kuruka mbele na nyuma, mazungumzo kusikika kabla au baada ya kinachoonekana: mbinu zote za filamu hii ni njia za kuisimamisha saa.

Tuanze na mpangilio, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea na kuizima. Ukiyanyoosha matukio, mfuatano wake ni huu. Kwanza kuna gereza la Lompoc, California, miaka kadhaa nyuma, ambako Foley na rafiki yake Buddy wanamkuta Ripley, tajiri aliyefungwa kwa ujanja wa fedha, akisumbuliwa na mfungwa mbabe anayeitwa Snoopy. Ripley ameropoka kwamba nyumbani kwake ana almasi za dola milioni 5 ambazo hazijachongwa. Foley anamkingia kifua, na Ripley anamwahidi kazi akitoka. Kisha Foley anatoka, anavaa suti na tai, anakwenda ofisini kwa Ripley. Halafu benki. Halafu gereza la Glades, Florida. Halafu kutoroka, Miami, na mwisho Detroit kwenye theluji, ambako almasi zinawasubiri wezi wa makundi mawili.

Filamu haikupi hivyo. Inaanza na benki, inakwenda Glades, inatoroka, na katikati ya safari inachomoa vipande vya Lompoc bila kukuomba ruhusa. Ofisi ya Ripley inawekwa nyuma kabisa. Ukifika hapo unaona kazi yenyewe aliyoahidiwa: ulinzi wa getini, kukaa kwenye ukumbi wa jengo na sare. Mtu aliyemwokoa tajiri jela anaambiwa aanzie chini, athibitishe kwamba anaaminika. Anafoka, anatolewa nje na walinzi, na hapo ndipo unamwona tena akitoka mlangoni, mkono ukienda shingoni kwenye tai. Picha ni ileile, ila sasa ina uzito mwingine. Mwanzoni ulicheka ukaona mtu mwenye mbwembwe. Sasa unaona mtu aliyejaribu njia halali kwa muda usiozidi wa kupanda na kushuka lifti. Kama tukio hilo lingewekwa mwanzoni kwa mpangilio wa kalenda, lingekuwa maelezo tu, kisingizio cha mwizi. Likija baada ya kumpenda Foley, linauma. Waandishi wa miswada wanaohangaika wapi pa kuweka "historia ya mhusika" wangekaa na kipande hiki kimoja wakakivunjavunja kama fundi anavyofungua injini.

Tufike kwenye buti ya gari. Karen amekwenda Glades kupeleka hati za mahakama, akiwa amevaa suti yake nzuri. Jioni hiyohiyo wafungwa wanatoka kwenye shimo walilochimba. Foley, aliyeununulia utoro huo kwa kuwachongea wenzake kwa mlinzi, anatokea akiwa amepakaa matope na kavaa sare ya mlinzi. Karen anawahi bunduki, Buddy anamdhibiti kutoka nyuma, na uamuzi wa haraka unafanyika: marshali na mtoro wanaingizwa pamoja kwenye buti ya gari, na safari inaanza.

Mle ndani wamelala ubavu, mgongo wa Karen kifuani kwa Foley, mwanga mwekundu kama wa taa za breki ukiwamulika. Foley anapapasa vifaa vya kazi vya Karen gizani, pingu, vesti ya kuzuia risasi, anauliza kila kimoja ni cha nini. Kuna kikopo anachodhani ni dawa ya kuburudisha pumzi, na Karen anamkaribisha ajipulizie mdomoni. Ni dawa ya kuwasha macho. Kuanzia hapo mazungumzo yanahamia kwenye sinema. Wanazungumza kuhusu mwigizaji Faye Dunaway, kuhusu wezi wawili wa filamu ya Bonnie and Clyde waliopigwa risasi wakafa, na kuhusu filamu nyingine yake, Three Days of the Condor, ambayo Foley anasema hakuwahi kuamini jinsi wahusika wake wawili walivyopendana haraka vile.

Angalia ujanja huo. Pingamizi kubwa utakalokuwa nalo wewe, kwamba marshali hawezi kumpenda mtoro ndani ya buti kwa nusu saa, filamu imeshalisema yenyewe, kupitia mdomo wa mtu ambaye hivi sasa linamtokea. Wala haikujibu. Imeliweka tu hewani, na wewe unabaki ukiangalia shingo ya Karen ikigeuka kidogo.

Kipande hiki kina somo la kiufundi linalostahili kuelezwa polepole. Mara ya kwanza Soderbergh alikipiga kwa mkupuo mmoja bila mkato, na akakirudia zaidi ya mara 40 hadi waigizaji wakakimudu. Alikuwa na sababu nzuri kwenye karatasi: usipokata, watu wataona kwamba ukaribu huu unatokea kweli, mbele ya macho yao. Filamu ilipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, joto la ukumbi liliporomoka palepale. Kikarudiwa upya, safari hii kwa vipande.

Kwa nini mkupuo ulishindwa? Kamera isiyokatwa hufanya kazi vizuri pale ambapo kuna mahali pa kwenda: korido, mtaa, watu wakiingia na kutoka. Kila hatua inaleta kitu kipya kwa jicho. Ndani ya buti hakuna pa kwenda. Baada ya nusu dakika jicho limeshamaliza kila kitu, na linaanza kuhesabu. Mbaya zaidi, mkupuo unakulazimisha kukaa umbali mmoja na wahusika wote wawili, wakati kinachotakiwa ni kusogea. Toleo lililobaki linasogea: vidole, jicho, nywele, mdomo unaotaka kucheka na kuzuiwa. Kila mkato unaleta sentimita chache za ukaribu ambazo miili yenyewe haina nafasi ya kuzipata. Mikato ndiyo inayowagusanisha. Wapo wakurugenzi wengi wanaoabudu mkupuo mrefu kama ndiyo shahada ya ufundi. Wangeangalia buti hii kabla hawajaanza.

Aliyekata vipande hivyo ni Anne V. Coates, mhariri Mwingereza ambaye alikuwa amepata Oscar kwa Lawrence of Arabia ya 1962. Alizaliwa 1925, kwa hiyo alikuwa amevuka miaka 70 alipohariri filamu yenye mdundo wa kijana wa miaka 25. Akateuliwa tena kugombea Oscar kwa kazi hii, na Scott Frank naye akateuliwa kwa mswada. Wote wawili walirudi mikono mitupu.

Kati ya buti na Detroit kuna kipande kifupi ambacho hakitajwi sana. Karen yuko kwenye ukumbi wa jengo la Florida ambako wenzake wanapanda juu kumsaka Foley. Yeye ameachwa chini, redio mkononi, alinde mlango. Lifti inafunguka. Ndani wamesimama Buddy na Foley. Wanaangaliana. Foley anainua mkono taratibu, anampungia. Karen hanyanyui redio. Milango inajifunga.

Ndiyo hayo tu. Hakuna anayesema neno. Kazi nzima inafanywa na mkono mmoja unaoinuka na mwingine usioinuka. Muziki haukuelekezi uhisi nini, na filamu hairudi baadaye kumfanya Karen ajieleze kwa mtu. Mwongozaji mwenye wasiwasi angemwekea rafiki wa kumuuliza, "Ulimwona, sivyo?" Hapa unaachwa na ushahidi kama mpelelezi: alikuwa na redio, alikuwa na sekunde, hakuitumia.

Halafu Detroit. Hoteli ndefu, baa ya juu, madirisha makubwa, theluji inaanguka nyuma ya vioo. Karen amekaa peke yake, na wanaume wa biashara ya matangazo wanakuja mmojammoja kujaribu bahati na kurudishwa. Kisha kwenye kioo anaonekana Foley. Anauliza kama anaweza kumnunulia kinywaji. Wanajitambulisha kwa majina ya uongo, Gary na Celeste, wanacheza dakika moja, na mchezo unawachosha, kwa sababu Gary na Celeste hawana cha kuambiana. Foley anaeleza jambo ambalo kila mtu amewahi kulipata: unapishana na mtu njiani, mnaangaliana, kuna kitu mmekitambua wote wawili, na kabla hujafanya lolote ameshapita.

Wakiendelea kuongea, picha inakata kwenda chumbani. Huko hakuna anayesema kitu. Wanavua nguo, polepole, wakiwa mbalimbali, wakitazamana. Sauti unayoisikia ni ya baa. Picha unayoiona ni ya baadaye. Kisha inarudi baa: mkono unagusa mkono. Kisha chumbani tena. Kila mguso unagandishwa kwa muda mfupi, kama ile tai. Kwa hiyo unasikia uamuzi ukifanyika huku ukiona umeshafanyika. Hakuna sekunde ya kujiuliza "Je, watafanya?" na mashaka ya namna hiyo hayakosekani katika filamu za mapenzi. Hapa yameondolewa, yakabaki mazungumzo ya watu ambao wameshavuka na bado wana adabu ya kuongea kana kwamba hawajavuka.

Soderbergh hakuficha kwamba mbinu hiyo aliipata kwenye Don't Look Now ya Nicolas Roeg, ya mwaka 1973. Tofauti ni ya kutazamwa. Kule mume na mke wako kitandani, na picha zinakatwa kwenda kwao wakivaa nguo baada ya tendo. Mapenzi yanaonekana tayari yakiwa kumbukumbu. Hapa picha zinakimbilia mbele, kwenye kitu ambacho mazungumzo hayajakifikia. Ya kwanza ni ya ndoa yenye msiba, ya pili ni ya watu wenye usiku mmoja. Wao wenyewe wanauita muda wa mapumziko, kama refa anaposimamisha mchezo. Kinachoonyeshwa cha mwili ni kidogo sana, na ndiyo moja ya sehemu zenye joto zaidi katika sinema ya Hollywood ya miaka ile. Clooney, aliyekuwa na tabia ya kuinamisha kichwa na kutazama juu kama anayeomba asamehewe, hapa ametulia. Muziki wa David Holmes, DJ kutoka Belfast, ambao kwingineko unadunda, hapa umeshuka hadi karibu ya kunong'ona.

Sifa zote hizi zisingefaa kitu kama Karen angekuwa pambo, na hapo ndipo filamu inawazidi ndugu zake wengi. Steringi wa hadithi hii ni wawili kwa haki. Baba yake Karen, Marshall, anayechezwa na Dennis Farina, anamzawadia bastola siku ya kuzaliwa, na mtoto anafurahi kama wengine wanavyofurahia mkufu. Mwanamume mmoja katika nyumba ya Detroit anajaribu kumvamia. Karen anafungua kirungu chake cha chuma na kumwangusha, kisha anaondoka bila hotuba. Mkubwa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, anamkumbusha kwa kejeli kwamba mwanamume mwingine aliyekuwa naye zamani pia alikuwa mwizi wa benki, na kwamba yule aliishia kupigwa risasi na Karen mwenyewe. Mstari huo ukiupita haraka unadhani ni mzaha. Ni onyo. Kuanzia hapo huna hakika mwanamke huyu anamfuata Foley akamkumbatie au akamtungue, na inawezekana yeye pia hana hakika.

Marshall ana mandhari chache, na kila moja ina mstari wa kurudiwa mezani. Mpenzi wa Karen wakati hadithi inaanza ni Ray Nicolette wa FBI, mume wa mtu, anayekuja kula amevaa fulana yenye herufi kubwa FBI. Mzee anamuuliza kama anayo nyingine iliyoandikwa kwamba yuko kwenye kazi ya siri. Nicolette anachezwa na Michael Keaton, na hapa kuna udaku mtamu kwa wanaopenda mambo hayo: Keaton alimcheza mhusika huyuhuyu mwaka mmoja nyuma katika Jackie Brown ya Quentin Tarantino, iliyotoka kwa kampuni nyingine kabisa, kwa sababu zote mbili zinatokana na riwaya za Leonard.

Waigizaji wengine ni utajiri wa kumwaga. Ving Rhames kama Buddy, jambazi ambaye lazima ampigie simu dada yake mlokole kuungama. Steve Zahn kama Glenn, kijana aliyejaa bangi na miwani ya jua, ambaye kila mpango ukimgusa unaharibika. Albert Brooks kama Ripley. Viola Davis, miaka mingi kabla dunia haijamjua, anakaa kwenye nyumba ya Detroit kama mtu aliyechoka kuogopa. Don Cheadle kama Snoopy ndiye anayekumbusha kwamba hii si hadithi ya utani. Anacheka, anacheka, halafu macho hayacheki tena.

Sasa dosari, maana zipo. Adele, mke wa zamani wa Foley anayefanya kazi ya msaidizi wa mfanya mazingaombwe, anachezwa na Catherine Keener, na filamu inamtumia kama kituo cha basi: watu wanapita kwake kupata habari na kuondoka. Kwa mwigizaji wa kiwango chake, ni upotevu. Sehemu ya mwisho, uvamizi wa nyumba ya tajiri, inarudi kwenye reli ya kawaida ya filamu za wizi, watu wakipanda ngazi na bastola, na mdundo uliokuwa huru unaanza kuhesabu hatua. Hata hapo kuna jambazi anayekufa kwa kuteleza tu kwenye ngazi akiwa ameshika silaha, jambo la Leonard kabisa. Nyumba inayovamiwa na kundi la Snoopy kabla ya hapo inaleta ukatili wa ghafla ambao wengine watauona umetoka filamu nyingine. Kwa maoni yangu ulihitajika. Bila huo, Foley angebaki mwizi wa kuchekesha na almasi zingekuwa mchezo wa watoto. Lakini mpito wenyewe ni mkali, na anayeangalia na wazazi au watoto ajue mapema.

Pia kuna swali ambalo filamu inaliruka kwa haiba. Foley ameiba benki kama 200 bila kufyatua risasi, na tunatakiwa tumwone muungwana. Keshia yule wa mwanzo alitishwa kwamba meneja wake atauawa. Foley aliyatamka maneno hayo kwa tabasamu, na bado aliyatamka. Filamu inajua; inamwonyesha keshia akitetemeka kidogo. Haikai hapo.

Kwa anayetaka kuiangalia, ina urefu wa saa 2 na dakika 3. Nusu saa ya kwanza usishike simu, kwa sababu ukikosa kipande kimoja cha Lompoc hutaelewa kwa nini Snoopy anamjua Foley. Washa maandishi ya chini ya skrini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Watu wanazungumza juu ya sauti za wenzao, na nusu ya utamu uko kwenye maneno yanayosemwa kando. Tumia rangi kama ramani: Florida ina joto na mwanga unaochoma, Detroit ni buluu na baridi, na ukishazoea utajua uko wapi kabla hujaona jina la mji. Toleo lililobanwa sana mtandaoni litaharibu mandhari ya buti, kwani giza na wekundu ule hugeuka vumbi la vijumba vya picha. Tafuta nakala safi, na zima taa za chumba.

Usiizime orodha ya majina ikianza kukaribia. Dakika za mwisho anaingia mtu mashuhuri sana ambaye jina lake halimo kwenye orodha hiyo, na mazungumzo yake mafupi na Foley yanageuza maana ya alichokifanya Karen dakika chache nyuma. Wahi kuuangalia uso wa Karen hapo mbele ya gari. Kisha rudisha filamu hadi kwenye lifti, uangalie tena ile redio.